Kiti Kando ya Serumu

Mtaa wetu wa Likasi ulimjua kwa kidole gumba. Ukikutana naye sokoni au kanisani alikusalimu vizuri, akauliza habari za nyumbani, na kabla hujamaliza kujibu alikuwa ameshainama kukubonyeza mguu, pale kwenye mfupa juu kidogo ya kifundo. Alibonyeza, akangoja, akaondoa kidole. Nyama ikirudi mahali pake, mazungumzo yaliendelea. Shimo likibaki, alikutazama usoni, akakuambia uje kituoni kesho asubuhi. Nilimwona akimfanyia hivyo mchungaji mbele ya waumini wake, na mchungaji alisimama tu, amekunja suruali, akingoja hukumu.

Sote tulimwita Mama Titulaire, kwa sababu ndiye aliyekuwa titulaire, yaani muuguzi mkuu wa kituo chetu kidogo cha afya, na kwa sababu hakuna aliyethubutu kumwita kwa jina. Nilifanya kazi chini yake miaka kumi na mmoja. Miwili ya kwanza nilimchukia, na sioni faida ya kulificha hilo sasa.

Kwake hakuna ampuli, kile kichupa cha dawa ya sindano, iliyovunjwa kabla ya kutamka mambo matatu: jina, kazi, ubaya. Ulitamka kwa sauti, mgonjwa akisikia. Ukishika kinini, ulisema hii ni kinini, inaua malaria, lakini inashusha sukari ya mwili, kwa hiyo mama, umekula? Ukishika jentamisini, ulitaja masikio na figo. Kidonge cha digoxin, dawa ya moyo, hakikutoka kwenye chupa kabla hujashika mkono wa mgonjwa na kuhesabu mapigo ya moyo dakika nzima. Yakiwa chini ya sitini, kidonge kilirudi. Wengine tulihesabu nusu dakika tukazidisha mara mbili. Alitukamata wote. Alisema moyo unaougua hufanya vituko vyake katika ile nusu ambayo hukuihesabu.

Ukitaja jina na kazi ukasahau ubaya, alikunyang'anya sindano na kukutuma kufagia uwanja. Mimi nilifagia sana. Nilikuwa na cheti changu, nilikuwa na ndoa yangu, na nilifagia mbele ya watu niliotakiwa kuwadunga sindano kesho yake.

Siku moja nilimtundikia kinini mama mjamzito. Baada ya saa mbili alianza kutoka jasho jingi, nikafurahi, nikamwambia mume wake homa imevunjika. Mama Titulaire alikuwa akipita na ndoo. Aliweka ndoo chini, akagusa shingo ya yule mama, akamwuliza jina lake. Mama alijibu jina la mtu mwingine. Tangu hapo sikuona vizuri kilichotokea, kwa kuwa mikono yake ilikwenda haraka: alifunga kinini, akachoma glukosi, yaani sukari ya sindano, akamsemesha mpaka akajibu sawasawa. Kisha alinigeukia na kunieleza, bila kupandisha sauti, kwamba jasho la homa inayotoka ni la moto, na hili lilikuwa la baridi, na kwamba jambo hilo halikuhitaji shule, lilihitaji kumgusa mtu. Alinifanya nimwombe yule mama radhi. Nililia chooni. Mtoto alizaliwa mzima, na ninapopishana naye njiani, akiwa na mkoba wa shule, bado naona aibu.

Alikuwa mkali, na mara nyingine mkali bila haki. Aliwahi kunisema nusu siku kwamba nimeacha friji ya chanjo wazi. Alipogundua kuwa ni yeye mwenyewe aliyeiacha, aliniletea mandazi, akayaweka mezani, na hadithi ikaishia hapo. Kuomba radhi alitufundisha sisi. Yeye mwenyewe hakujua.

Na yeye aliyemfuatilia kila mwenye presha mtaani mpaka nyumbani, akihesabu vidonge vilivyobaki, presha yake mwenyewe aliitibu kichwa kilipomuuma tu. Vidonge vyake vilikuwa vya kukojoza, na alisema hawezi kukimbia chooni kila mara foleni ikiwa imefika barabarani. Kwa hiyo aliviacha siku za kazi. Siku za kazi zilikuwa sita. Nilimwambia mara moja kwamba mgonjwa mwingine akifanya hivyo angemfukuza. Akacheka, akasema ndiyo, angemfukuza kabisa.

Lakini vita yake kubwa ilikuwa na serumu. Kwetu, ile chupa ya maji inayotundikwa juu ya kitanda si dawa tu, ni ushahidi. Mtu akifa, kwenye kilio wazee wa ukoo hawaulizi sana alikuwa na ugonjwa gani. Wanauliza kama alitundikiwa serumu. Watoto wakisema ndiyo, chupa tatu, basi walimpenda mzazi wao. Wakisema hapana, watalisikia jambo hilo mpaka wazeeke. Kwa sababu hiyo watu walikuja kituoni wakiwa wamekwisha kununua chupa, na walimdai atundike hata kwa mafua. Mama Titulaire alibonyeza mguu kwanza. Kwa mwenye moyo uliochoka, alitueleza, maji unayoyatia mshipani hayana pa kwenda. Yameshajaa miguuni, yanapanda mapafuni, na mgonjwa anazama akiwa kitandani mwake. Mguu ukibaki na shimo, chupa ilirudi na mwenyewe.

Watu hawakumpenda kwa hilo. Kuna mama alitoka Kamatanda na mtoto mwenye kuhara. Mtoto alikuwa anakunywa, macho hayakuwa yameingia ndani, ngozi ya tumbo ilirudi ukiivuta. Mama Titulaire aliwapa maji ya chumvi na sukari, akakaa na yule mama kumwonyesha jinsi ya kunywesha kwa kijiko, akamwambia arudi kesho. Hakurudi. Walikwenda kwingine, sijui kwa nani wala walipewa nini, na siku ya tatu mtoto alikufa. Ilisemwa mtaa mzima kwamba Mama Titulaire amemnyima mtoto serumu. Alikwenda kwenye kilio. Nilikuwa naye. Wageni wengine walipewa viti, yeye hakupewa. Alisimama kuanzia saa nne asubuhi hadi walipotoka kwenda kuzika, na miguu yake, nakumbuka, ilikuwa imeanza kuvimba siku hizo. Njiani nilimwuliza kama tulikosea. Akasema hajui. Akasema alimpima vizuri, na hajui.

Ndiyo maana nilishangaa alipofanya alilofanya kwa mzee wa Kakontwe. Mzee huyo alikuwa amevunja mawe ya chokaa maisha yake yote. Wanawe watatu walimleta kituoni, hospitali kubwa ikiwa imekwisha kumrudisha nyumbani: moyo wake ulikuwa umefika mwisho. Miguu ilikuwa imevimba mpaka magotini. Wale wanaume wakubwa walisimama mbele ya meza yake na chupa yao, na mkubwa wao akasema hawawezi kurudi nyumbani bila serumu, kwa maana wazee watawauliza. Alisema hivyo huku machozi yakimtoka. Nilingoja Mama Titulaire awarudishie chupa.

Aliipokea. Alitundika, akaingiza sindano, akafungua kile kigurudumu kidogo cha mrija mpaka matone mawili yakaanguka wote wakiona. Kisha akawageuzia mgongo kama anayerekebisha plasta, akakifunga. Akavuta kiti cha mbao, akakaa kando ya kitanda, mkono wake wa kushoto juu ya kigurudumu. Alikaa hapo tangu asubuhi hadi saa kumi. Foleni niliihudumia mimi, nikiwa nimekasirika.

Saa sita aliniita nimshikie nafasi aende chooni. Aliniweka kitini, akanishika mkono na kuuweka mahali ulipokuwa wake. Hajafika mlangoni, mtoto wa kati wa mzee alisogea, akatazama mrija, akasema haitembei, na kidole chake kikaenda moja kwa moja kwenye kigurudumu. Nilifunika kwa kiganja. Nilimwambia inakwenda polepole. Alirudi nyuma, lakini hakuridhika. Mama Titulaire aliporudi nilimsimulia kwa mnong'ono.

"Njo maana ya kiti," alisema, akakaa tena.

Mzee alifia nyumbani kesho yake, kimya, mapafu yake makavu. Wanawe walikuja kushukuru. Walipoondoka nilishindwa kuzuia ulimi wangu.

"Mama, weye unatufundisha ukweli kila siku," nilimwambia. "Ile siku ulidanganya bantu."

Alikuwa akikunja mashuka. Aliendelea kukunja.

"Ile serum ilikuwa ya batoto yake," alisema. "Mugonjwa, nilimupa kiti."

Niliona kuwa amejitetea kwa maneno mazuri. Nilikumbuka kwa miaka ule ujanja wa kufunga kigurudumu, na hata niliutumia mara mbili tatu, kituoni, ambako kuna mlango wa kufunga na wauguzi wa kupokezana. Kiti nilikisahau.

Alistaafu moyo wake ulipokuwa tayari umeharibika, nami nikairithi meza yake. Nilikwenda kumwona kila Jumapili. Alikuwa akilala ameketi, mito mitatu mgongoni, na binti yake wa pekee ndiye aliyemwosha na kumlisha. Hospitali ilimlaza wiki tatu, ikamtoa na vidonge na maneno ambayo sote wawili tulijua maana yake. Alipenda nimbonyeze mguu mimi. Alitazama shimo linavyokaa, akakubali kwa kichwa, kama mwalimu anayesahihisha hesabu ya mwanafunzi na kuikuta sawa.

Jumamosi moja asubuhi binti yake alimtuma mtu kuniita. Nilikuta wageni wameshajaa, wengine wamesimama, wengine kwenye mikeka. Mdogo wa kiume wa Mama Titulaire alikuwa amefika kutoka Mulungwishi, mkulima mpole, mwenye kofia mkononi, na kwenye meza kulikuwa na chupa mbili za serumu na mrija mpya alivyonunua njiani. Mama Titulaire alikuwa akipumua kwa shida, lakini macho yake yalikuwa yake. Nilikuwa na ampuli moja tu ya furosemide, dawa ya kukausha maji mwilini. Nilitafuta mshipa, nikaingiza sindano ile inayobaki mkononi, nikatamka jina, kazi na ubaya kwa sauti, ili asikie, nikampa. Nadhani alitabasamu.

Nilipomaliza, mdogo wake akaniita pembeni. Nilimweleza habari ya moyo, na maji, na mapafu. Alinisikiliza hadi mwisho, kwa heshima anayopewa infirmière, yaani muuguzi.

"Mama infirmière, dada yangu alikatalia bantu serum miaka yote," alisema. "Leo akikufa bila serum, bantu batasema sisi pia tulimukatalia."

Binti alikuwa akilia, akaniita yaya, yaani dada mkubwa. Alisema, "Mujomba iko na haki, yaya. Bataniuliza minye."

Kisha mjomba akasema, bila ubaya wowote, kwamba kama mimi naona ni vigumu, yule muuza dawa wa barabarani yuko tayari kuja. Nilimjua muuza dawa huyo. Angefungua mpaka mwisho. Nikapiga hesabu kichwani: sindano iko mshipani tayari, afadhali chupa yangu iliyofungwa kuliko yake iliyo wazi. Hadi leo nikipiga hesabu hiyo tena, naona ni sahihi. Kosa halikuwa hapo.

Nilitundika. Niliachia matone mawili, chumba kizima kikaguna kwa faraja. Nikawageuzia mgongo, nikarekebisha plasta, nikafunga kigurudumu. Nikamwinamia sikioni.

"Mama, nimeifunga."

Alitazama chupa, akafuata mrija kwa macho mpaka kwenye kigurudumu, kisha akanitazama.

"Kiti iko wapi?" aliuliza.

Alikuwa mtu wa adabu sana kwa wageni. Nilifikiri ameona watu wamesimama nyumbani kwake na anaona vibaya.

"Bageni bamekaa, Mama," nilimwambia. "Nakuya sasa hivi."

Alifumba macho. Nilimwambia binti kwamba serumu inakwenda polepole sana na mtu yeyote asiiguse. Sikumwambia kwa nini, maana angeshindwa kuficha. Nikatoka kwenda kutafuta furosemide nyingine, kwa sababu ampuli moja isingemfikisha jioni.

Duka la kwanza halikuwa nayo. La pili lilikuwa nayo, lakini nilisoma katoni kama alivyonifundisha, nikakuta muda wake umepita, nikairudisha, na nakumbuka nilijisifu moyoni. Nilijiona mwanafunzi wake mzuri. La tatu lilikuwa mbali, nilikwenda kwa miguu, na kulikuwa na watu mbele yangu, ila ampuli nilizipata huko. Yote pamoja ilichukua karibu saa mbili.

Niliporudi, chupa ilikuwa karibu tupu. Mkono wenye sindano ulikuwa umefungwa kwa vitambaa juu ya kipande cha katoni, usitikisike. Mkono wa pili alikuwa ameushika mdogo wake, kwa viganja vyake vyote viwili, akiwa amepiga magoti sakafuni. Kifua cha Mama Titulaire kilikuwa kikichemka, nilikisikia nikiwa bado mlangoni. Povu lilikuwa mdomoni, na povu lile lilikuwa na wekundu wa damu.

"Ilikuwa imeziba," mdogo wake aliniambia, na uso wake ulijaa matumaini. "Nikaifungua minye mwenyewe. Alisumbua sana, alitaka kuitosha, kuing'oa. Tulimushika mukono."

Nilifunga. Nilimwinua, nikamshusha miguu chini, nikampa ampuli mbili, nikampigia simu kila mtu mwenye chupa ya oksijeni. Mikono yangu ilikwenda haraka kama yake zamani, ila sasa haikusaidia. Alinitazama mara moja. Sijui macho yale yalisema nini, na sitajidanganya kwamba yalinisamehe. Alikufa kabla ya saa saba mchana, ameegemea bega langu, na watu wakaanza kulia.

Ni baada ya hapo, nilipokuwa nafungua vile vitambaa mkononi mwake, ndipo nilipoelewa ameniuliza kiti cha nani. Hakikuwa cha wageni. Alikuwa anazama, hana pumzi ya maneno mengi, na pumzi aliyokuwa nayo aliitumia kunikumbusha somo. Nami nilimjibu kama unavyomjibu mzee aliyechanganyikiwa.

Sijamwambia mdogo wake. Siku za kwanza nilijiambia kwamba namhurumia, kwamba huwezi kumwambia mkulima mpole wa Mulungwishi kuwa alimshika dada yake mkono asijiokoe. Ukweli ni kwamba nilijihurumia mimi. Nikimwambia alifungua nini, itanibidi nimwambie nani aliyefunga na kuondoka.

Kituoni sasa nawafundisha wanagenzi jina, kazi, ubaya. Wanayashika haraka, wana akili kunishinda. Ya kiti sijui nitaanzaje kuifundisha, na foleni ni ndefu, na hakuna hata mmoja wetu mwenye siku nzima ya kukaa kando ya mtu mmoja. Watu wanakuja na chupa zao. Nyingine nazirudisha, na wanazipeleka kwa muuza dawa.

Kwenye kilio chake walikuja watu kuliko nilivyowahi kuona mtaani. Nilimwona mama wa Kamatanda. Nilifika nimechelewa, nikasimama nyuma ukutani, nikakusudia kubaki hapo. Wazee wa ukoo walikuwa wanauliza maswali yao, na mdogo wake akasimama kuwajibu, kofia mkononi. Alisema dada yake alitundikiwa serumu, na serumu yote iliisha, na hakuna mtu atakayesema walimwacha. Wazee waliridhika. Kisha akaangaza macho, akaniona.

"Ni yeye njo alimutundikia," aliwaambia. "Mama infirmière hawezi kusimama. Mumupatie kiti."

Kiti kilipitishwa juu ya vichwa vya watu mpaka kikanifikia. Watu walisogea kunipa nafasi, mbele, karibu na jeneza. Nikakaa.